Pikipiki, Safari Ndefu na Amana ya Sadaka

Wapo watu ambao Mwenyezi Mungu amewatia mapenzi ya mwendo. Hawatulii mpaka waione barabara ikinyooka mbele yao. Zamani watu wa aina hiyo walikwea ngamia au walipanda jahazi. Leo wengi wao hupanda pikipiki. Wazee wetu huwatazama kwa wasiwasi, na wasiwasi huo una haki yake, kwa kuwa ni mitaa michache sana katika miji yetu isiyokuwa na nyumba iliyouguza au kuzika kijana kwa sababu ya chombo hiki. Hata hivyo, leo nataka kuwazungumzia watu walioyachukua mapenzi yao ya pikipiki na safari ndefu wakayafunga pamoja na kazi ya kuwachangia wenye shida, na kuyataja masharti ambayo yakikosekana kazi hiyo huharibika.

Nianze na kisa ambacho kwangu mimi kina mafunzo kuliko vyote nivijuavyo katika mlango huu.

Randy Mamola ni Mmarekani aliyezaliwa California mwaka 1959, na alikuwa miongoni mwa waendesha pikipiki za mashindano mashuhuri sana duniani. Katika daraja la juu la zama zake, la injini za cc 500, alishinda mashindano 13 na kushika nafasi ya pili ya dunia mara nne, yaani mwaka 1980, 1981, 1984 na 1987. Ubingwa wenyewe haukumwangukia hata mara moja. Katika miaka hiyo ya 1980 alianza kuutumia umaarufu wake kuchangisha fedha kwa ajili ya Save the Children, shirika la Uingereza linalohudumia watoto. Pamoja naye walikuwapo mume na mke, Barry na Andrea Coleman. Barry alikuwa mwandishi wa habari aliyeyafahamu vyema mashindano ya pikipiki, na Andrea mwenyewe aliwahi kushindana katika ujana wake.

Naomba tusimame kidogo kwa huyu bibi. Mume wake wa kwanza, Tom Herron, alikuwa mshindani kutoka Ireland ya Kaskazini. Alifariki mwaka 1979 katika mashindano ya North West 200, ambayo hufanyika huko huko kwao juu ya barabara za kawaida za umma. Mwanamke aliyefiwa na mume kwa pikipiki angekuwa na kila udhuru wa kutotaka hata kuisikia sauti yake. Sisi tunawajua akina mama wa namna hiyo, na hakuna anayewalaumu. Andrea hakukiondoa chombo kile katika maisha yake, bali aliishia kukitafutia kazi ya kuokoa roho za watu. Sijui kama kuna jambo katika kisa hiki kizima linalonigusa zaidi ya hilo.

Mwaka 1988 Mamola na Barry Coleman walikwenda Somalia ili wajionee jinsi misaada inavyotumika. Waliyoyaona hayakuwa katika ratiba ya ziara. Kando ya njia na nyuma ya majengo waliona magari na pikipiki zilizotolewa kwa ajili ya huduma za afya zikiwa zimeachwa zioze, nyingine bado zikiwa na sura ya upya. Hazikupigwa risasi wala hazikuisha umri. Zilikosa mafuta ya kulainisha, zilikosa kukazwa mnyororo, zilikosa kichujio cha hewa cha bei ndogo, na zilikosa mtu aliyefundishwa kuzitazama kila asubuhi kabla ya kuziwasha. Matokeo yake, mhudumu wa afya aliyepaswa kufika kijijini alibaki kituoni, na mgonjwa aliyepaswa kufuatwa akabaki na ugonjwa wake.

Hebu tulipime jambo hili kwa uadilifu. Maafisa wangapi walikwisha kupita mbele ya vyuma vile kabla ya hao wawili? Bila shaka ni wengi, na wengine walikuwa wasomi wakubwa kuliko wao. Lakini asiyeijua pikipiki akiiona imelala huona chuma kibovu, basi. Mtu aliyekulia na spana mkononi huona kosa lenye jina na lenye dawa. Hapo ndipo ninapoona kwamba mapenzi ya kitu, hata yale tunayoyaita mchezo, yaweza kuwa elimu. Mamola na wenzake walianza kwa kudhani kwamba wanacho cha kutoa ni fedha na umaarufu, kumbe walichokuwa nacho cha thamani zaidi ni ujuzi wa kuifanya pikipiki itembee.

Kutokana na hayo likazaliwa shirika la Riders for Health, lililosajiliwa Uingereza mwaka 1996. Limefanya kazi katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwamo Lesotho, Zimbabwe, Nigeria, Malawi, Liberia, jirani zetu wa Kenya, na Gambia ambayo wakazi wake wengi ni Waislamu. Lesotho ni nchi ya milima mitupu, ambako hakuna sehemu iliyo chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na kufika vijiji vyake vingi kwa gari ni shida. Huko wapanda pikipiki huchukua sampuli za damu na makohozi kutoka zahanati za milimani na kuzipeleka maabara, kisha hurudi na majibu. Liberia nayo ilipokumbwa na Ebola mwaka 2014, wapanda pikipiki wa shirika hili walikuwa miongoni mwa waliobeba sampuli ili wagonjwa wajulikane mapema. Wahudumu wanaofundishwa kuendesha ni wanaume kwa wanawake.

Siri ya kazi yao haimo katika kununua pikipiki nyingi. Imo katika hesabu, na hapa nawaomba wasomaji wenye dhamana ya misikiti, madrasa na visima wanisikilize vizuri. Watu hawa walikaa wakakokotoa gharama ya kila kilometa moja. Pikipiki ikitembea kilometa moja imekula petroli, na hilo kila mtu analiona. Lakini imekula pia sehemu ya oili, sehemu ya tairi, sehemu ya mnyororo, sehemu ya breki, na sehemu ya umri wake wote, kwa kuwa iko siku itachoka na itahitajika nyingine. Hivyo vyote hulipwa kidogo kidogo tangu siku ya kwanza, wakati chombo bado kinang'aa na hakuna anayefikiria ubovu. Kipuri hubadilishwa kwa ratiba kabla hakijakatika. Mhudumu hufundishwa kuendesha na pia kukagua: mafuta, mnyororo, nati zilizolegea, breki, upepo wa matairi. Fundi naye humfuata huko huko aliko kwa ratiba maalumu, asingoje kuletewa maiti ya pikipiki juu ya lori.

Sisi je? Sisi ni hodari wa kutoa kitu, lakini si hodari wa kukilisha kitu hicho baada ya kukitoa. Tunachangia pampu ya kisima, tunapiga picha, tunasoma dua, tunakwenda zetu. Baada ya miezi minane mpira wa shilingi elfu chache umechakaa, na akina mama wamerudi mtoni na ndoo zao. Mtoaji hana habari, anadhani sadaka yake inaendelea kumwagia thawabu.

Fedha za kuendesha kazi hiyo zilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka kwa wapenzi wa pikipiki wenyewe. Kila mwaka, katika wiki ya mashindano makubwa ya Uingereza, kulifanyika siku maalumu ya kuchangia, hapo mwanzo katika uwanja wa Donington Park na baadaye Silverstone. Wapenzi walilipa kiingilio, wakaonana ana kwa ana na washindani, na glavu, viatu na kofia ngumu za washindani hao zikanadiwa hadharani. Hivi sasa kazi ya kuchangisha inafanywa kwa jina la Two Wheels for Life. Na wapo wanaochangia kwa njia ile tunayoizungumzia leo, ya kusafiri masafa marefu huku ndugu na marafiki wakiahidi kutoa kitu kwa ajili ya safari hiyo.

Safari iliyojulikana kuliko zote ni ya waigizaji wawili wa Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman. Mwaka 2004 walitoka London wakaelekea mashariki mpaka New York, kwa kupita Ulaya, Kazakhstan, Mongolia na Siberia, mwendo wa kilometa takriban 30,000, na njiani wakatembelea miradi ya UNICEF ya watoto. Mwaka 2007 wakatoka ncha ya kaskazini ya Scotland mpaka Cape Town, na katika safari hiyo walipita Libya, Misri, Sudan, Ethiopia, Kenya, na hapa kwetu Tanzania. Riders for Health ilikuwa miongoni mwa taasisi zilizonufaika na safari hiyo ya pili. Ni kweli kwamba watu wale walikuwa na magari ya kuwasindikiza na wapiga picha wa filamu, kwa hiyo asije kijana akadhani atafanya vile kwa boksa aliyoikopa. Lakini kilichofanya kazi pale ni macho ya watu. Mtu ambaye asingesoma taarifa ya kurasa 40 juu ya watoto wa Ethiopia aliwafuata waigizaji wale nyumba kwa nyumba, na akaona.

Marekani kuna chama cha wasafiri wa masafa marefu kiitwacho Iron Butt Association, jina ambalo sitalifasiri katika kurasa za familia. Mtihani wao mwepesi kabisa ni kwenda maili 1,000, yaani kilometa 1,609, ndani ya saa 24. Huo ni mwendo mrefu kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba. Wapo wanaofanya safari za namna hiyo kwa kuchangiwa, ambapo mchangiaji huahidi kiasi fulani kwa kila maili. Mimi nasema wazi kwamba siipendi njia hiyo kwa vijana wetu. Barabara zetu zina malori, ng'ombe na matuta yasiyo na alama, na ahadi ya fedha kwa kila maili humsukuma mtu aendelee wakati macho yamekwisha kufumba. Sadaka haina haja ya kushindana na usingizi.

Afadhali mfano wa Uingereza wa wapanda pikipiki wa kujitolea ambao usiku na siku za mapumziko hubeba damu, sampuli, na hata maziwa ya mama kwa watoto njiti, kutoka hospitali moja hadi nyingine bila ya malipo. Hao hawachangishi kwa ajili ya mwendo wao, kwani mwendo wenyewe ndiyo sadaka.

Sasa nije nyumbani. Miezi michache iliyopita vijana tisa walikuja mbele ya kamati ya msikiti wetu. Sita ni wa kijiwe cha bodaboda kilicho karibu na lango letu, watatu ni waajiriwa wenye pikipiki zao binafsi. Walitaka kibali cha kufanya msafara wa pikipiki kutoka Dar es Salaam hadi Tanga mjini, na njiani wapite kijiji kimoja cha Muheza alikozaliwa mmoja wao. Michango ambayo wangeipata wangeinunulia zahanati ya pale pikipiki mpya ya muuguzi, maana ya zamani haitembei.

Katika kamati tunaye mzee aliyeendesha malori kwa zaidi ya miaka 30. Alimsikiliza msemaji wao mpaka mwisho, kisha akapiga hesabu kwa kichwa. Kwenda na kurudi ni kama kilometa 700. Pikipiki ndogo hula lita moja kwa kilometa 40 au zaidi kidogo, kwa hiyo kila mmoja atahitaji lita 17 na nusu, na wote tisa lita 157 na ushei, bado oili na chakula. "Wanangu," akasema, "hayo mafuta yenu si sadaka tosha? Kwa nini msimpelekee muuguzi fedha hiyo, nyinyi mkalala majumbani kwenu salama?"

Swali hilo ni zito, na kila anayetaka kuchanganya safari na sadaka lazima alijibu kabla ya kuwasha injini. Kijana mmoja alijibu kwa adabu: "Shikamoo mzee. Ukweli ni kwamba tusiposafiri hatutatoa hiyo fedha. Na hao watakaotuchangia, wengi wao hawatatoa bila ya kutuona." Baadhi ya wajumbe walicheka. Mimi niliona amesema kweli tupu. Nafsi ya mwanadamu ni nzito katika kutoa, na ukiipata njia ya halali ya kuilainisha usiidharau. Watu hutoa zaidi wanapomwona aliyechoka kwa ajili ya jambo kuliko wanapoliona sanduku limekaa mlangoni. Lakini jibu hilo linasimama kwa sharti moja tu, kwamba petroli isitoke katika mfuko wa michango hata tone. Anayeipenda safari na ailipie safari yake. Asiyekuwa na uwezo, atafute mtu atakayempa kwa kutamka kwamba hii ni ya mafuta yako. Mchangiaji aliyetoa kwa ajili ya zahanati, fedha yake ikageuka chipsi za Chalinze, amekhiniwa, hata kama kiasi ni kidogo na hata kama aliyekula alikuwa na njaa ya kweli.

Tukaandika masharti. Michango itaingia katika lipa namba ya msikiti, si katika simu ya mtu. Fedha taslimu zitaandikiwa stakabadhi ya nakala mbili. Hesabu itabandikwa ubaoni na kusomwa baada ya sala ya Ijumaa, pamoja na zile senti zilizozidi. Fedha ya zaka haitapokelewa katika mfuko huu, kwa sababu zaka ina mafungu yake manane yaliyotajwa katika Surat At-Tawba, na si kazi ya mpanda pikipiki kuamua barabarani nani anaingia na nani haingii. Mwenye zaka aelekezwe kwa imamu.

Likaja suala la fulana. Vijana walitaka fulana zenye picha na majina yao. Sheikh wetu aliuliza kwa upole ni nani anayetangazwa, muuguzi au wao. Ikakubaliwa fulana ziwe za rangi inayong'aa ili madereva wa malori wawaone kwa mbali, na ziandikwe jina la kazi tu. Naamini hapo nia na usalama vilikutana katika kitambaa kimoja, jambo ambalo ni nadra.

Kisha fundi mmoja miongoni mwa wale wa kijiweni, kijana asiye na maneno mengi, akauliza swali ambalo halikuwa katika barua yao: "Hiyo pikipiki ya zamani ya zahanati, ina ugonjwa gani?" Hakuna aliyejua. Ikapigwa simu kijijini papo hapo. Tukaambiwa imeegeshwa nyuma ya jengo mwaka wa pili sasa, matairi yamelala na mnyororo umeshikana kwa kutu. Injini mara ya mwisho ilikuwa inawaka. Yule fundi akaomba kalamu, akaorodhesha: mnyororo na meno yake, betri, tairi mbili, breki, kusafisha kabureta, oili, plagi. Jumla ya vitu hivyo haikufika hata robo ya bei ya pikipiki mpya. Mzee wetu wa malori, ambaye mpaka hapo alikuwa amekunja uso, akasogeza kiti chake karibu na yule kijana wakaanza kuzungumza lugha yao ya vipuri, sisi wengine tukabaki kusikiliza.

Nilikumbuka Somalia. Kijana huyu hajawahi kumsikia Mamola, lakini jicho ni lile lile.

Mpango ukabadilika. Msafara utakwenda na vipuri pamoja na zana, pikipiki ya zamani itafufuliwa hapo hapo kijijini mbele ya watu, na muuguzi na mlinzi wa zahanati watafundishwa kuikagua. Michango itawekwa kuwa mfuko wa matengenezo na mafuta, ambao utatolewa kwa kilometa zilizosafiriwa na kuandikwa katika daftari. Ikionekana kweli injini imekufa, ndipo litakapozungumzwa la kununua mpya, na hata hapo haitanunuliwa bila ya fedha ya kuitunza kuwekwa kwanza.

Kuhusu mwendo, masharti ni makali. Kuondoka ni baada ya sala ya Alfajiri, na hakuna kusafiri usiku. Vituo ni Chalinze, Mkata na Segera, na kila mmoja atashuka, atakunywa maji na kunyoosha mgongo, apende asipende. Msafiri ameruhusiwa kufupisha na kukusanya sala, lakini tumewaomba wasiitumie ruhusa hiyo kuwa kisingizio cha kutosimama. Mwendo hautazidi kilometa 70 kwa saa, na aliye wa polepole kuliko wote ndiye atakayetangulia ili asiachwe mtu. Kofia ngumu iwe nzima na ifungwe kidevuni. Hakuna kupakiana. Na kila mmoja alete leseni, bima iliyo hai na ridhaa ya nyumbani, ya mke kwa aliyeoa na ya wazazi kwa asiyeoa.

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoleta mazungumzo mengi majumbani. Mama mmoja alinijia baada ya darsa ya akina mama, nikadhani amekuja kukataa. Akaniambia: "Ustadh Katibu, mwanangu akitoka usiku kutafuta riziki mimi silali. Akitoka mchana kutafuta thawabu nitamzuiaje? Lakini mwambieni anipigie kila kituo." Tukaliongeza hilo katika masharti, namba saba.

Safari imepangwa kufanyika baada ya masika, barabara ikishakauka. Hadi ninapoandika makala hii, vijana watano kati ya tisa wamekwisha kuleta karatasi zote tatu. Wawili wanangojea bima. Mmoja kofia yake ina ufa na ameambiwa atafute nyingine. Wa tisa mke wake bado anafikiri, na kamati imemwambia asimharakishe.